Tuikinge Mali ya Umma na Chumvi ya Bahari

Siku hizi katika miji yetu umeingia mtindo wa kulivika gari jipya utando angavu wa plastiki ili rangi yake isichubuke. Utando huo hauonekani kwa urahisi. Mwenye gari hupitisha mkono juu ya boneti akahisi ulaini ule ule, na jua likaakisi rangi ile ile. Kumbe baina ya mkono na rangi limelala ganda jembamba lisilofikia hata robo ya milimita. Jiwe likirushwa na gurudumu la lori lililotangulia, ganda ndilo linaloumia, na rangi iliyo chini yake ikabaki salama.

Wako wanaouona mtindo huo kuwa ni anasa ya wenye fedha. Wako pia watakaouliza kwa nini magari ya Serikali nayo yasivikwe vivyo hivyo. Sisi wa mwambao wa Tanga tungependa kusema neno katika jambo hili, kwa kuwa watu wa pwani na visiwani wanaujua kwa macho yao uadui wa chumvi kwa chuma. Maoni yetu ni kwamba kukinga mali si anasa hata kidogo. Lakini kukinga kile kinachoonekana na kukiacha kile kinachobeba roho za watu ni kosa kubwa.

Hatuna nia ya kuudharau utando wenyewe. Umetengenezwa kwa plastiki inayonyumbuka iitwayo poliyurethini, na asili yake ni jeshini. Wakati wa vita vya Vietnam, jeshi la Marekani lilitafuta kitu cha kuyakinga mapanga ya helikopta yasiliwe na mchanga na vifusi. Baadaye magari ya mashindano yakaazima ujuzi huo, na hatimaye ukawafikia watu wa kawaida. Ule ulio bora huzuia kokoto, kinyesi cha ndege na sehemu ya makali ya jua, na mikwaruzo yake midogo hujifuta yenyewe ukipata joto. Ule wa bei rahisi hugeuka manjano na kukauka kabla ya muda mrefu kupita.

Lakini utando huo una masharti. Hutaka rangi nzima, safi na kavu. Ukiwekwa juu ya rangi iliyokwisha kufura kwa kutu, hauponyi kitu. Hufunika ugonjwa tu, na siku ya kuubandua huondoka pamoja na rangi. Zaidi ya hayo, hufunika uso wa gari tu. Haufiki chini ya madigadi, wala ndani ya milango, wala kwenye chasisi na mabomba ya breki. Na huko ndiko bahari inakoanzia kazi yake.

Kutu ni chuma kinachounganika na maji na hewa hata kurudia hali ya udongo. Chumvi huiharakisha kazi hiyo. Maji ya bahari yana chumvi ipatayo gramu 35 katika kila lita, na pepo za kaskazi na kusi huyapeperusha matone yake hadi mitaani. Tone likikauka, chumvi hubaki. Usiku ukiingia na hewa ikawa na unyevu, chumvi ile huuvuta unyevu huo, na chuma kikabaki kimelowa hata kama mvua haikunyesha. Kwa hiyo gari lililolala Pangani, Moa au Wete limo kazini usiku kucha, likipigana na adui lisiyemwona.

Wazee wetu wanayakumbuka malandrova ya miaka ya 1960 na 1970. Bodi zake zilikuwa za aluminiamu, nazo hazikuliwa na kutu. Lakini chasisi ilikuwa ya chuma. Hivyo ilikuwa jambo la kawaida katika mwambao kuliona gari ambalo bodi yake bado imekaa vizuri, na huku chini mifupa yake imekwisha oza. Somo hilo tulilipata zamani, na halikupaswa kusahauliwa: katika nchi ya chumvi, gari halipimwi kwa uso wake.

Tena hatukuhitaji kungoja plastiki kutoka ng'ambo ili tujifunze maana ya kukinga. Manahodha wa Tanga, Pangani na Pemba waliijua tangu enzi za mababu. Bamvua ikifika, chombo hupandishwa pwani, kikakwanguliwa na kukalafatiwa. Mbao za juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu izamayo majini hupakwa deheni ya shahamu na chokaa. Deheni ile huliwa na maji badala ya ubao, na ikiisha hupakwa nyingine. Hiyo ndiyo falsafa ya utando angavu: kitu cha bei ndogo kipokee jeraha kwa niaba ya kitu cha bei kubwa, kisha kifanywe upya. Nahodha hakungoja chombo kianze kuvuja ndipo akumbuke deheni. Aliifuata kalenda ya bahari, na kwa kuwa alikuwa akisafiri mwenyewe ndani ya chombo kile, hakuwa na haja ya kukumbushwa.

Tofauti iliyopo leo ni kwamba mali nyingi tunazozitumia hazina nahodha. Ni mali ya umma, na mali ya umma mara nyingi huachiwa yeyote na hivyo hutunzwa na hakuna. Tumewahi kuingia katika nyua za ofisi mbalimbali za mwambao, ambazo hatutazitaja, tukakuta magari yaliyoinuliwa juu ya mawe chini ya miarobaini. Injini nyingine zilikuwa bado nzima. Kilichokufa ni sakafu, milango na chasisi. Magari hayo yalinunuliwa kwa kodi ya mkulima wa nazi na mvuvi, tena kwa fedha za kigeni ambazo taifa huzipata kwa jasho. Ukiuliza kitabu cha gari utaona maili, mafuta na matairi vimeandikwa. Lakini ni lini mara ya mwisho gari lilioshwa chini kwa maji baridi? Hapo hapakuandikwa neno.

Yako pia mazoea mabaya zaidi. Gari lililoliwa hupelekwa kwa fundi wa kunyoosha bodi na kupiga rangi. Kutu hujazwa puti, rangi mpya hupigwa, na gari hurudi ofisini liking'ara. Kila mtu hufurahi. Miezi michache baadaye rangi hufura pale pale, kwa sababu kilichotibiwa ni ngozi. Mtu akiambiwa kwamba hili ni suala la urembo, na afikirie bomba la breki lililoliwa na kutu, ndani ya gari la wagonjwa linalomkimbiza mama mjamzito kutoka Mkwaja kwenda Pangani, au kutoka Pangani kwenda hospitali ya Bombo. Hapo kutu si doa tena, ni hukumu.

Kwa ndugu zetu wa visiwani uzito wa jambo hili ni mara mbili. Gari linalovushwa kwenda Pemba husafiri likirushiwa maji ya bahari, na likifika huishi katika ardhi iliyozungukwa na bahari pande zote. Likiharibika, kipuri nacho hakina budi kuvuka maji. Kwa hiyo gari moja la shule au la zahanati likianguka kisiwani, pengo lake halizibiki kwa siku moja wala mbili.

Tufanye nini basi? Tunao ushauri, nao hauhitaji mamilioni.

Kwanza, kila gari la umma la mwambao na visiwani lioshwe kwa maji baridi, juu na chini, kila wiki, na siku ile ile linaposhuka melini au kutoka ufukweni. Ndoo chache zatosha, na maji ya mvua ya masika yaliyohifadhiwa tangini yanafaa kabisa. Wale wanaoosha pikipiki na magari kwa maji ya bahari waache mara moja. Wanakisaidia kile wanachodhani wanakiondoa.

Pili, jeraha la rangi litibiwe lingali dogo. Kokoto ikichubua hadi chuma, dereva aliripoti siku hiyo hiyo, pasuguliwe, pakaushwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya gari.

Tatu, gari linapopokewa jipya, kabla halijakanyaga mchanga wa pwani, lipakwe dawa ya kuzuia kutu chini na ndani ya mashimo yake, na matundu ya kutolea maji milangoni yasiachwe yazibe. Tunawaonya wale wanaonyunyizia oili chafu kwamba hudhuru raba za gari, na kinachodondoka huishia ardhini na baharini, yaani katika chakula chetu.

Nne, paangaliwe upya ratiba za matengenezo. Tangu mwaka 2005 nchi yetu ina Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, wenye dhamana ya kutengeneza magari ya Serikali na kuendesha vivuko. Ingefaa wakala huo, pamoja na wenzao wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, waweke ratiba mahsusi kwa magari ya ukanda wa chumvi. Gari la Dodoma na gari la Pangani hayaugui ugonjwa mmoja, basi yasipewe dawa moja. Na katika kila bajeti liwekwe fungu dogo la kinga, lisilochanganywa na fungu la matengenezo.

Na ule utando angavu? Hatuukatai. Kwa gari la wagonjwa linalopita kila siku katika barabara ya kokoto, kuuvika ukingo wa boneti na sehemu ya chini ya milango yaweza kuwa busara, mradi hesabu ifanywe na rangi iwe nzima. Lakini usianzie kwenye gari la mkubwa linalolala kivulini na kutembea katika lami. Anayestahili kinga kwanza ni yule anayepigwa zaidi.

Tunajua tutaambiwa kwamba fedha ni chache. Ni kweli, na ndiyo maana tunasema. Maji, brashi, grisi, kivuli na saa moja ya dereva kila wiki ni vitu vilivyo ndani ya uwezo wa ofisi iliyo maskini kuliko zote. Gari jipya halimo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila kiongozi mwenye gari la umma chini ya dhamana yake, na ainame leo aangalie chini ya gari hilo. Akiisha kuinuka, atajua la kufanya.