Msimu wa Miami: Maneno ya sifa yalificha majeraha

Kila mwaka, miezi ya Novemba na Desemba inapofika, wapenzi wa kandanda ya Kimarekani huanza kuhesabu timu ambazo bado hazijashindwa. Hesabu hiyo hukoma timu ya mwisho inapopoteza mechi, na hapo jina moja hutajwa upya: Miami Dolphins wa mwaka 1972. Hadi leo hao ndio pekee katika historia ya ligi ya NFL waliocheza msimu mzima, pamoja na mechi za mchujo na fainali, bila kushindwa wala kutoka sare. Walicheza mara 17, wakashinda mara 17. Mwaka 2007 New England Patriots walikaribia kuwafikia. Walishinda mechi zote 16 za kawaida na mbili za mchujo, kisha New York Giants wakawaangusha katika fainali ya Februari 2008 kwa alama 17 kwa 14.

Sina haja ya kuipunguza sifa ya Miami. Ninalodai katika safu hii ni kwamba maneno yanayotumiwa kuusimulia msimu ule, pamoja na yale ambayo wachezaji wenyewe walizoezwa kuyatumia uwanjani, yalificha jambo ambalo walimu na wanafunzi wetu wana haki ya kulijua. Mimi ni mwanaisimu. Kazi yangu ni kuuliza neno linasema nini, na linanyamazia nini.

Kwa wasioufahamu, mchezo huu si soka. Wanafunzi wangu hupenda kuniuliza kwa nini Wamarekani wauite mpira wa miguu ilhali miguu huugusa mpira kwa nadra. Jibu ni la kihistoria: mchezo huo, soka na raga ni ndugu waliozaliwa katika viwanja vya shule za Uingereza, na kila mmoja akabaki na sehemu ya jina la ukoo. Mpira wenyewe ni wa umbo la yai na hubebwa mikononi. Wachezaji 11 wa timu moja hushambulia, 11 wa timu nyingine huzuia, na kila upande una kikosi cha mashambulizi na kikosi cha ulinzi, tofauti kabisa. Kiongozi wa mashambulizi huitwa kwotabeki. Wote huvaa helmeti, na wote hugongana. Kugongana huko si ajali ya mchezo. Ndiyo kazi yenyewe.

Kocha Don Shula aliuanza msimu wa 1972 akiwa na donda moyoni. Januari mwaka huo vijana wake walikuwa wamefika fainali, iitwayo Super Bowl, wakatandikwa na Dallas kwa alama 24 kwa 3. Miaka mitatu kabla ya hapo, akiifunza Baltimore, alikuwa amepoteza fainali nyingine ambayo karibu kila mtu alidhani ni yake. Basi safari hii walianza kwa kuishinda Kansas City, wakaponea chupuchupu kule Minnesota kwa 16 kwa 14, na tarehe 15 Oktoba, katika mechi ya tano, wakapata pigo: kwotabeki wao Bob Griese alivunjika mguu. Nafasi yake ikachukuliwa na Earl Morrall, mzee wa miaka 38, ambaye Shula alikuwa amemchukua kwa ada ya dola 100 tu baada ya Baltimore kumwacha. Huyo mzee wa dola 100 ndiye aliyeiongoza timu katika mechi zote tisa zilizosalia za msimu wa kawaida, na asishindwe hata moja, ingawa Buffalo walipungukiwa na alama moja tu, 24 kwa 23.

Griese alirejea katikati ya mechi ya mchujo huko Pittsburgh, siku ya mwisho ya mwaka, wakashinda 21 kwa 17. Fainali ilichezwa Los Angeles tarehe 14 Januari 1973 dhidi ya Washington, na Miami wakashinda 14 kwa 7. Alama hizo saba za Washington zina kichekesho chake. Zikiwa zimebaki dakika chache, Garo Yepremian, mzaliwa wa Kupro ambaye kazi yake ilikuwa kupiga mpira kwa mguu tu, aliona mkwaju wake umezuiwa, akauokota mpira na kujaribu kuurusha kwa mkono. Ulimponyoka. Mchezaji wa Washington akaudaka na kutimua mbio hadi mwisho wa uwanja. Laiti Yepremian angeulalia mpira ule na kutulia!

Wanaobishana na sifa hiyo hukumbusha kwamba, kati ya wapinzani wa mechi 14 za kawaida, ni wawili tu waliomaliza msimu wakiwa na ushindi mwingi kuliko kushindwa. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini hainishughulishi sana. Kinachonivutia zaidi ni habari ya Mercury Morris, mmoja wa wakimbiaji. Msimu wa kawaida ulipokwisha alikuwa ameandikiwa yadi 991. Filamu zikatazamwa upya, akarudishiwa yadi tisa alizokuwa amepunguziwa, na jumla ikawa 1,000 kamili. Yeye na Larry Csonka wakawa wachezaji wa kwanza wa timu moja kufikisha yadi 1,000 kila mmoja katika msimu mmoja. Kumbe hata tarakimu, ambazo huwa tunaziamini kuliko maneno, huhaririwa! Yadi tisa zilistahili mtu wa kukaa chini na kuzitafuta. Sijasikia kwamba kuna aliyekaa chini, katika miaka hiyo, akahesabu ni mara ngapi kichwa cha Morris au cha mwenzake kiligongwa.

Tuje kwenye majina. Kikosi cha ulinzi cha Miami, kilichoruhusu alama chache kuliko vingine vyote katika ligi mwaka huo, kiliitwa Ulinzi Usio na Majina. Asili ya lakabu hiyo ni kocha wa Dallas, Tom Landry, ambaye kabla ya fainali ya Januari 1972 alisema hakuweza kuyakumbuka majina ya walinzi hao, ingawa uchezaji wao ulimtia wasiwasi. Wachezaji wakaipokea lakabu hiyo kwa fahari. Ninaielewa fahari hiyo, maana kikundi kinachofanya kazi bila kugombania sifa kinapendeza. Lakini lugha ina tabia ya kuzoeza. Mtu asiye na jina hana kichwa kinachouma, wala hana mke atakayeuliza kwa nini mumewe amerudi nyumbani akiwa haijui njia.

Wachezaji wa Marekani walikuwa na msemo wao wa pigo la kichwani: walisema mtu amepigiwa kengele. Kengele imelia, basi, ataamka, atarudi uwanjani. Msemo huo huchekesha, na kwa kuchekesha huligeuza jeraha la ubongo kuwa mzaha wa dakika mbili. Wakubwa nao walikuwa na maneno yao. Mwaka 1994 ligi iliunda kamati ya kuchunguza majeraha ya ubongo, na ndani ya jina lenyewe la kamati likatiwa neno lenye maana ya hafifu. Uchunguzi haujaanza, na jibu limekwisha kuandikwa mlangoni! Kwa miaka mingi kamati hiyo ilishikilia kwamba hapakuwa na ushahidi wa madhara ya kudumu.

Ushahidi ulikuja kwa njia ya makaburi. Agosti 2013 Rais Obama aliwakaribisha wachezaji wa 1972 katika Ikulu ya Marekani, maana enzi zao desturi hiyo ilikuwa haijashika. Aprili mwaka uliofuata Morrall, yule mzee wa dola 100, alifariki akiwa na miaka 79. Uchunguzi wa ubongo wake ulionyesha ugonjwa uitwao CTE, ambao huhusishwa na mapigo ya kichwa yanayorudiwarudiwa, na tena ulikuwa katika daraja yake ya mwisho. Nick Buoniconti, nahodha wa ule ulinzi usio na majina, aliyekuwa pia wakili, alianza kuanguka ovyo na kusahau. Novemba 2017 alitangaza hadharani kwamba angeuacha ubongo wake kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston. Alifariki Julai 2019, na yeye pia akakutwa na CTE. Bob Kuechenberg na Jim Kiick, wenzao wa upande wa mashambulizi, vivyo hivyo. Hao ni wanne wa kikosi kimoja, cha msimu mmoja tunaoambiwa haukuwa na doa.

Hapa inanipasa kusema jambo kwa uangalifu wa kitaaluma. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walitangaza kwamba, kati ya bongo 111 za waliokuwa wachezaji wa NFL, 110 zilikuwa na ugonjwa huo. Takwimu hiyo inatisha, lakini bongo hizo zilitolewa na familia ambazo nyingi zilikuwa zimekwisha kuona dalili. Kwa hiyo haisemi kwamba karibu kila mchezaji atapatwa. Na ugonjwa wenyewe hauthibitishwi kwa yakini mpaka mtu afe. Hata hivyo, mwaka 2016 afisa wa ligi yenyewe alikiri mbele ya wabunge wa Marekani kwamba uhusiano baina ya mchezo huo na ugonjwa huo upo, na mwaka mmoja kabla mahakama ilikuwa imeidhinisha fidia ya wachezaji wastaafu inayokaribia dola bilioni moja.

Shule zetu hazichezi kandanda ya Kimarekani, lakini raga zinaicheza, tena kwa mapenzi makubwa, na wachezaji wa raga hawana helmeti. Sipendekezi ipigwe marufuku; nimeona jinsi inavyomjenga kijana mnyonge akawa na adabu na ujasiri. Ninachopinga ni msamiati wetu wa kando ya uwanja. Kijana akigongwa kichwa tunamwambia ameona nyota, na wenzake wanacheka. Akisita kurudi tunamwambia ajikaze. Tumeunda kengele yetu wenyewe, na ajabu ni kwamba tumeiunda bila kuwaiga Wamarekani.

Kanuni za raga duniani ziko wazi: mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo atolewe mara moja, na asirudi uwanjani siku hiyo, hata akisema yu mzima. Kwa maoni yangu, mwalimu wa michezo apewe mamlaka ya kumtoa mwanafunzi bila kuomba ruhusa ya mwalimu mkuu anayelisubiri kombe. Na pawe na daftari. Humo aandike jina la mwanafunzi, saa, jinsi alivyoangukia, kama alizirai, na alijibu nini alipoulizwa ni siku gani. Mzazi apate nakala jioni hiyo hiyo, na muuguzi wa shule aisome kabla kijana hajaruhusiwa kuvaa tena jezi.