Columbia Haikuuawa na Joto

Kuna neno linaniudhi kila ifikapo Februari Mosi: "ajali". Eti Columbia ilipata ajali mwaka 2003 ikirudi duniani, joto likaishinda, wanaanga saba wakafa. Jamani, tuache kusingizia moto!

Kingo za mbele za mabawa yake zilikuwa za kaboni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni, juu yake ngozi ya silikoni kabaidi, ambayo ni kauri. Kaboni tupu ikipata oksijeni kwenye joto kali huungua kama mkaa wa jikoni. Kauri inaizuia oksijeni isifike. Vikiwa pamoja vinahimili nyuzi joto 1,650 hivi za Selsiasi. Ngao ya Apollo iliundwa iungue na kulika kidogo kidogo, iondoke na joto. Hii ilitakiwa irudi nzima, iruke tena. Columbia ilisharuka na kurudi salama mara 27.

Tatizo la kauri unalijua hata wewe mwenye chungu nyumbani. Moto unakivumilia, pigo hakiliwezi. Na nyuma ya ngao ile kulikuwa na alumini, ambayo kwa joto hilo ni kama siagi.

Tarehe 16 Januari, sekunde 82 hivi baada ya kuruka, kipande cha povu la tangi la nje, chini ya kilo moja, kiligonga bawa la kushoto. Kamera zilinasa. Wahandisi wakaomba bawa lipigwe picha likiwa angani. Wakubwa hawakuona haja. Kwa nini? Kwa sababu povu lilishadondoka safari nyingi na vyombo vikarudi. Mazoea yakageuzwa ushahidi! Julai mwaka huohuo wachunguzi walifyatulia kipande cha povu kwenye ngao kama ile. Likabaki tundu la upana wa sentimeta 40 hivi.

Utasikia watetezi: "Hata wangejua, wangefanya nini?" Tume ya uchunguzi ililijibu hilo. Atlantis ilikuwa ikiandaliwa, na kuwafuata wale saba kulikuwa kwa hatari kubwa, lakini kuliwezekana. Hawakupewa hata nafasi hiyo.

Kwa hiyo waandishi wenzangu, mkiandika "ajali" mnawafutia watu hesabu yao. Kauri ilifanya kazi yake mpaka ilipotobolewa. Walioshindwa ni waliokataa kuchungulia tundu.