Hiba ya nyumba iliyo rehani

Mstaafu wa Mailimoja, Kibaha, anampa bintiye nyumba. Kikao cha ukoo kimekaa, mashahidi wametia saini, mwenyekiti wa mtaa amegonga muhuri, pilau limeliwa. Hakuna aliyeuliza hati iko wapi. Hati iko benki.

Tunaielewa nia ya mzee huyu. Kuanzia Visiga hadi Kiluvya wapo waliojenga kidogo kidogo, wakakwama kwenye kupaua, wakaweka hati dhamana ili wamalize. Sasa umri umekwenda na wanataka kugawa wangali hai, watoto wasije wakagombana matanga hayajaanuliwa.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimnyang'anyi umiliki aliyeweka nyumba rehani. Nyumba ni yake. Asichoweza ni kuitoa ikaliacha deni nyuma. Rehani iliyosajiliwa huifuata nyumba popote iendapo, na mikataba ya mikopo kwa kawaida inakataza kuhamisha umiliki bila ridhaa ya benki. Marejesho yakisimama, inatoka notisi ya siku 60. Zikiisha, dalali hataisoma karatasi ya ukoo. Anayedhani atalikimbia deni kwa kubadilisha jina, amemhamishia mwanawe balaa.

Halafu yuko mama mwenye nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuitoa nyumba ya ndoa, hata kama ni zawadi, bila ridhaa ya mwenzake. Wanaume wanaowakumbuka wadogo zao kwa nyumba pale tu ndoa inapoyumba, wakisome mara mbili.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi mkoani Pwani, hiba hukamilika kwa makabidhiano, na fikihi ya Kishafii haimruhusu mtu kukabidhi mali aliyoiweka rehani bila idhini ya anayemdai. Dini na sheria zinampeleka mzee mlango uleule. Kwa wenye hatimiliki za kimila huko Maneromango na Mzenga, halmashauri ya kijiji nayo ina neno.

Basi aanzie benki, na aende na binti. Akiwa na uwezo, alipe salio, rehani ifutwe kwa Msajili wa Hati, ndipo hiba iandikwe. Binti akiwa na kipato, waombe benki ikubali alibebe deni kwa jina lake. Yote mawili yakishindikana, nyumba iingie kwenye wosia na deni litajwe humo waziwazi. Hesabu za TRA na ushuru wa stempu ziulizwe mapema, maana kuna familia zinazokwama hapo baada ya kupatana kwenye yote mengine.

Wenyeviti wa mitaa, ambao muhuri wao wananchi huuchukulia kama hukumu ya mahakama, wasiugonge kwenye hati ya hiba kabla ya kuona majibu ya upekuzi rasmi kutoka kwa Msajili. Ofisi ya ardhi ya mkoa iko hapahapa Kibaha. Nauli si kisingizio.

Na benki ziache kumwambia mteja asubiri makao makuu. Anayeomba ridhaa ya kumhamishia mwanawe nyumba ajibiwe kwa maandishi, kwa Kiswahili, na salio la deni la siku hiyo liwe limeandikwa humo.