Soko la kimataifa linaanzia Busia

Kampuni za Nairobi zikizungumzia "mkakati wa kimataifa", mara nyingi utasikia habari za ofisi mpya Kampala, meneja mpya na tovuti yenye bendera mbili. Mimi kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na naona mkakati huo ungeandikwa vizuri zaidi Busia au Malaba.

Hebu tuanze na neno bodaboda, ambalo siku hizi limeenea Afrika Mashariki nzima. Lilizaliwa hapo mpakani. Kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda palikuwa na kipande cha njia ambacho msafiri alikitembea kwa miguu na mizigo yake. Vijana wenye baiskeli wakaanza kuita "boda, boda!", yaani kutoka mpaka mpaka mpaka. Hawakuhitaji kufungua tawi ng'ambo. Walitazama mteja anakwama wapi, wakaweka huduma hapo hapo.

Celtel ilifanya jambo la namna hiyo Septemba 2006 ilipozindua One Network. Mteja wa Kenya, Uganda au Tanzania akivuka mpaka aliendelea na laini yake ile ile, akapiga kwa bei ya wenyeji na kupokea simu bila malipo.

Pesa je? Safaricom ilianzisha M-Pesa mwaka 2007, MTN Uganda ikaja na huduma yake mwaka 2009. Safaricom haina mtandao Uganda, na MTN haina mtandao wa simu za mkononi Kenya. Kutuma pesa kuvuka mpaka siku hizi kunawezekana, lakini kuna ada, na kuna bei ya kubadilisha sarafu. Ndiyo maana wafanyabiashara wengi wa mpakani hutembea na laini mbili, na wabadilishaji pesa bado wanapata riziki barabarani.

Sasa tazama programu zetu. Tunatengeneza hifadhidata yenye nafasi ya namba moja ya simu, nchi moja, sarafu moja. Mama anayenunua mahindi Uganda na kuyauza Kenya ana namba ya +254 na ya +256. Kompyuta inamhesabu kama watu wawili. Tunaandika "shilingi" tu, wakati ya Kenya moja ni zaidi ya ishirini za Uganda. Akiomba mkopo kwa simu, kila upande unaona nusu tu ya biashara yake. Mtu mwenye mzunguko mzuri anaonekana mchuuzi mdogo, na mkopo unakuwa mdogo vile vile.

Najua kuna benki kuu mbili na mamlaka mbili za kodi, na hayo hayaondolewi kwa programu. Lakini hata serikali zimesogea: kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018, na maofisa wa nchi zote mbili huhudumia msafiri mahali pamoja. Kama wao wameweza kukaa chini ya paa moja, sisi tunashindwaje kuweka namba mbili kwa mtu mmoja?

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye kampuni, kabla hujakodi ofisi Kampala peleka programu yako Busia. Mpe mtu mwenye laini mbili aitumie siku nzima, ununue na kuuza pande zote. Pale atakapokwama ndipo kazi yako ilipo.