Mtoto Umleavyo: Vyuo Vikuu, Serikali na Kampuni Chipukizi Nchini Kenya

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii aghalabu hutajwa panapozungumziwa malezi ya watoto, lakini inaafiki pia malezi ya fikra. Kenya haina uhaba wa vijana wenye fikra za kuanzisha kampuni. Ina uhaba wa walezi. Makala haya yanashikilia kwamba chuo kikuu na serikali, ambao ndio wazazi wawili wa kampuni chipukizi, wamezoea kushangilia uzazi na kuyakimbia malezi.

Historia ni shahidi. Mnamo 1986, Rais Daniel arap Moi aliwataka wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya. Wahandisi waliitikia wito huo, na mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani. Hata hivyo, magari hayo hayakuwahi kuundwa kwa wingi wala kuuzwa, kwa kuwa fedha za kuendeleza kazi hazikupatikana. Kilichokosekana hakikuwa akili. Kilichokosekana ni mkono wa kulea baada ya ngoma kunyamaza.

Linganisha na M-Pesa iliyozinduliwa mwaka 2007. Wakati huo hapakuwa na sheria mahususi ya kutuma pesa kwa simu. Benki Kuu ya Kenya ingeweza kuipiga marufuku. Badala yake iliiruhusu ianze huku ikiiangalia kwa makini, na Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ikaja mwaka 2011. Serikali haikuvumbua chochote hapo. Ilitoa nafasi na ikakaa macho. Kuna atakayesema kwamba M-Pesa haikuwa kampuni chipukizi, bali mtoto wa Safaricom na Vodafone. Ni kweli, na hapo ndipo penye kiini cha hoja: mtoto wa tajiri huweza kungoja. Mwanafunzi aliyehitimu jana hana wa kumngojea.

Haidhuru, misingi haikosekani. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Wakala wa Kitaifa wa Ubunifu na Hazina ya Taifa ya Utafiti, na ikaagiza hazina hiyo itengewe asilimia 2 ya pato la taifa, kiwango ambacho hakijafikiwa. Vyuo navyo vimefungua vituo vya kulea ubunifu, kama vile kile cha Chandaria katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Lakini kwa wanafunzi wengi, safari huishia katika mradi wa mwaka wa mwisho. Mwanafunzi huunda kifaa au programu, huitetea kazi yake mbele ya jopo, hupewa alama, kisha kazi hiyo ikafungiwa kabatini. Mbegu haioti kabatini.

Yapo mambo matatu yanayoweza kufanywa bila kungoja miujiza. Kwanza, chuo kikuipe kila mwaka miradi bora karakana, mshauri na muda baada ya mahafali, na kiandike mapema ni nani mwenye haki juu ya uvumbuzi huo. Pili, Kenya iige Tunisia, ambayo sheria yake ya 2018 humruhusu mfanyakazi, hata wa umma, kuchukua likizo ya mwaka mmoja ili aanzishe kampuni na kurejea kazini mambo yasipofaulu. Mhadhiri anayeogopa kupoteza kazi hawezi kuongoza vijana katika bahari asiyothubutu kuiogelea. Tatu, serikali iwe mteja anayelipa. Tangu 2013, sera imetenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Faida iko wapi iwapo malipo yanacheleweshwa? Kampuni kubwa huvumilia mwaka mzima. Kampuni changa hufa ikiwa na deni la serikali mkononi.

Wapinzani watauliza kwa nini fedha za umma zitumiwe kwa kampuni ambazo nyingi zitaanguka. Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba mkulima hupanda akijua si kila mbegu itaota, wala hauachi mvua ipite kwa sababu hiyo. Muhimu ni kupanda kwa kiasi na kutoa hesabu waziwazi.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wasidhani kwamba mjadala huu ni wa wahandisi pekee. Ushahidi, jukwaa lililoanzishwa mwaka 2008 kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, lilijipa jina la Kiswahili, M-Pesa vilevile. Katiba ya 2010 inaitambua lugha hii kuwa ya taifa na rasmi, ilhali fomu za kuomba mitaji aghalabu ni za Kiingereza. Huduma isiyoeleweka na mkulima wa Bungoma au mvuvi wa Lamu haitanunuliwa nao. Kazi ya kuifanya ieleweke inahitaji wataalamu wa lugha, na wataalamu hao wamo madarasani.

Naam, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Siku serikali itakapolipa deni lake kwa wakati, na chuo kikafungua kabati zake, ndipo Kenya itakapojua ina watoto wangapi.