Zambia: Mto umepimwa, shamba je?

Tarehe 18 Februari 2025, ukingo wa bwawa la taka za mgodi wa shaba wa kampuni ya Sino-Metals Leach ulibomoka huko Chambishi, kaskazini mwa Zambia. Maji yenye tindikali yaliingia katika kijito cha Mwambashi, kisha mto Kafue. Wachunguzi wa taasisi ya wahandisi nchini humo walikadiria lita milioni 50. Samaki walikufa, mazao ya kandokando yakaungua, mji wa Kitwe wenye wakazi wapatao 700,000 ukakatiwa maji, na serikali ikatuma ndege kumwaga chokaa mtoni ili kuizimua tindikali.

Mwezi Agosti, ubalozi wa Marekani ulipowaagiza watumishi wake waondoke eneo hilo, serikali ya Lusaka ilijibu kuwa kipimo cha asidi majini kimerejea katika hali ya kawaida. Huenda ni kweli. Lakini kipimo cha maji ya mto hakimwelezi mkulima hali ya shamba lake.

Mmea hunywa kwa ncha changa za mizizi na vinyweleo vyake. Asidi ya udongo ikizidi, hasa kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imefungwa ndani ya udongo huyeyuka na kuzishambulia ncha hizo. Mizizi hudumaa, ikawa mifupi na minene. Shaba ikizidi hudhuru vivyo hivyo. Hapo mahindi hunyauka baada ya siku chache za jua, ilhali maji yapo chini kidogo tu, mahali ambapo mzizi ulishindwa kufika. Mwenye shamba huona majani yamejikunja, akalaumu mvua. Ikumbukwe pia kuwa udongo wa kaskazini mwa Zambia, kwa wingi wa mvua zake, una asidi hata pasipo mgodi.

Taka za namna hii huacha chumvi pia. Aliyewahi kutia chumvi kwenye vitunguu vya kachumbari ameona vinavyotoa maji. Chumvi ikizidi udongoni, huyang'ang'ania maji, na mzizi hutaabika kuyavuta.

Chokaa husaidia: hupunguza asidi na kuifunga alumini. Shaba nayo hushikwa, ila haiozi wala haitoweki. Udongo ukirudia asidi, jambo ambalo mbolea za naitrojeni huliharakisha mwaka hadi mwaka, shaba hiyo hulegea tena.

Ndiyo maana fidia ya mazao ya msimu mmoja ni hesabu pungufu. Septemba 2025, wakulima 176 walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Zambia wakidai dola bilioni 80. Kiasi hicho kimewashangaza wengi, nami sioni wepesi wa kukithibitisha. Hata hivyo, hoja nzito zaidi ni idadi ya misimu itakayohesabiwa, na nani atakayelipia upimaji wa udongo katika kila msimu.

Ukanda huohuo wa shaba unaendelea ng'ambo ya mpaka hadi Katanga, ambako wakulima wengi ni wasemaji wa Kiswahili. Novemba 2025, serikali ya Kongo ilisimamisha shughuli za kampuni ya CDM mjini Lubumbashi baada ya maji machafu kutoka katika eneo lake kufurika hadi kwenye makazi ya watu.