Acheni Pengo Lionekane

Kwenye misiba yetu kuna sentensi isiyokosekana: pengo lake halitazibika. Huwa inanijia kila ninaporudi kwenye mkusanyo wa albamu za Traveling Wilburys uliotolewa upya mwaka 2007. Ndani yake kuna watu walioiamini sentensi hiyo, na wapo walioshindwa kuiamini. Mmoja wao yumo katika makundi yote mawili.

Mwaka 1988 George Harrison alihitaji wimbo wa kujazia upande wa pili wa singo yake. Akakusanya marafiki kwenye studio ndogo ya gereji ya Bob Dylan, kule Malibu: Dylan mwenyewe, Jeff Lynne, Tom Petty na Roy Orbison. Wimbo ukatoka mzuri mno kwa kazi ya kujazia, wakaamua kutengeneza albamu nzima. Mastaa watano wakajipa majina ya bandia na kujifanya ndugu wa ukoo mmoja, Wilbury. Albamu ilitoka Oktoba. Tarehe 6 Desemba Orbison akafariki, akiwa na miaka 52.

Walichofanya baada ya hapo ndicho ninachokitetea. Katika video ya "End of the Line", sauti ya Orbison inapofika, hakuna anayemwigiza. Tunaonyeshwa gitaa juu ya kiti cha bembea, na picha yake. Basi. Mwaka 1990 wanne waliobaki walirudi na albamu ya pili bila kumtafuta mtu wa tano, wakaiita Volume 3. Huenda ulikuwa mzaha tu, lakini mzaha huo una ukweli wake: namba 2 haipo, na mtu hayupo. Wapo wanaosema albamu hiyo ni pungufu. Bila shaka ni pungufu! Amekufa mtu. Mlitaka iwe kamili kwa lipi?

Kisha ikaja 2007. Kwa miaka mingi albamu hizo zilikuwa adimu madukani. Harrison, aliyeshika sehemu kubwa ya haki zake, alifariki 2001 bila kuzitoa tena. Mkusanyo ulikuja na CD mbili na DVD, ukapanda hadi namba moja Uingereza. Furaha ile ilikuwa halali. Lakini kati ya nyimbo za nyongeza zimo "Maxine" na "Like a Ship", na hazikutolewa kama zilivyokutwa. Jeff Lynne na Dhani, mwana wa Harrison, waliongeza sauti na magitaa. Dhani hata akapewa jina la ukoo: Ayrton Wilbury.

Utaniuliza, nani ana haki kuliko hao? Mmoja alikuwemo kundini, mwingine ni mtoto wa marehemu. Nakubali, haki wanayo. Ninachopinga ni ile hofu ya kutusikilizisha kitu ambacho hakijaisha. Baba akifa nyumba ikiwa kwenye lenta, warithi huezeka, kwa sababu watu watalala humo. Wimbo haumlazi mtu. Rekodi iliyoishia njiani inatuambia jambo ambalo iliyopigwa msasa haiwezi kutuambia: hapa ndipo walipofika.

Msidhani ni mambo ya wazee na CD zao. Mwaka 2023 kompyuta ilichambua sauti ya John Lennon kutoka kwenye kaseti ya zamani, na dunia ikapata "Now and Then", wimbo mpya wa Beatles. Kila hatua ya namna hii ina baraka za familia, na kila hatua inairahisisha inayofuata. Kesho, nani ataona haja ya kuonyesha kiti kitupu?

Ombi langu ni dogo. Kama ni lazima mmalizie, malizieni, lakini tupeni na rekodi ilivyokutwa, zikae bega kwa bega, tusikie wafu walipoishia na walio hai walipoanzia. Vinginevyo tuache kusema msibani kwamba pengo halitazibika, ilhali fundi tumeshamwita.